Heis: Mmoja, Umoja au Pekee?

Heis ni namba moja ya Kigiriki, na ndilo neno lililobeba ungamo zito kuliko yote katika Marko 12:29, pale Yesu anaporudia tamko la Kumbukumbu la Torati 6:4 kwamba Bwana ni mmoja.

Namba hii ina maumbo matatu: heis kwa nomino za kiume, mia kwa za kike, na hen kwa zisizo za kiume wala za kike. Waefeso 4:5 inayo yote matatu kwa mfululizo: heis ya Bwana, mia ya imani, hen ya ubatizo. Kwetu jambo hili si geni, maana nasi twasema mtu mmoja, imani moja, kitu kimoja.

Umbo hilo la tatu ndilo lililo katika Yohana 10:30. Yesu anapojitaja pamoja na Baba hasemi heis, anasema hen. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullian wa Carthage aliishika hoja hiyo ya sarufi kumpinga Praxeas, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni nafsi ile ile. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inasema "tu umoja", na naamini watafsiri wale walilenga penyewe. Tafsiri ikiandika "mmoja" mahali hapo, msomaji hana njia ya kujua kwamba umbo hili silo lile la Marko.

Lakini kusema Mungu ni mmoja hakutoshi kusema hana mfano. Mtu aweza kuwa na mungu wake mmoja, jirani naye akawa na wake, na hesabu isiharibike. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi katikati ya mahekalu na nyama zilizotolewa kwa sanamu, kwa hiyo katika 1 Wakorintho 8:4 alianza na oudeis, neno lililoungwa kwa oude na heis, yaani "hata mmoja hayupo". Ndipo akaweka ei me, "isipokuwa", na mwisho heis. Amewafuta wote kwanza, kisha amembakiza mmoja. Muundo wetu wa "hakuna… ila" unafanya kazi hiyo bila kupunguza kitu, na Wakristo kwa Waislamu wanaufahamu tangu utotoni.

Neno monos, lililo katika Yohana 17:3, ndilo hasa "pekee". Hapa tujihadhari na "peke yake", kwa kuwa masikioni mwa wengi huja na upweke, na Mungu si mpweke.

Nawaomba wanaoandaa masomo ya Biblia na kamusi za theolojia waache kuandika "umoja wa Mungu" wanapokusudia kwamba hakuna mwingine kama Yeye. Huo ni upekee wa Mungu, na uandikwe hivyo.