Mkimbiaji Hakai: Hoja ya Kuandika Mnyooko

Miongozo ya riadha inayoandikwa kwa Kiswahili humtaka mkimbiaji arekebishe "mkao" wake ili asipoteze nguvu bure. Wapo wanaoandika "mkao wima" wakidhani wameongeza usahihi, na wapo wanaoandika "msimamo sahihi wa mwili". Nayapinga yote matatu, na mahali pake naweka neno moja: mnyooko. Kosa limeanzia kwenye meza za kamati zinazopewa orodha ya maneno ya Kiingereza na kutakiwa kujaza safu ya pili. Safu hujazwa, kikao hufungwa, na hakuna aliyemwita kocha kumuuliza jambo lenyewe linatendekaje uwanjani. Ndiyo maana mtu anayekimbia kilomita ishirini amepewa istilahi inayomfaa mtu aliye kitini.

Mzizi wa mkao ni kaa, na ukoo wake wote unajulikana: makao, makazi, mkazi, kikao. Watetezi wake watasema kaa si kuketi tu, kwa kuwa nguo humkaa mtu, na mtu hukaa kimya au hukaa tayari. Ni kweli, lakini katika matumizi hayo yote kaa hubeba wazo la kutulia katika hali moja. Mbio hazina utulivu wa namna hiyo. Katika kila hatua mwili mzima huwa hewani, kisha mguu mmoja hupokea kishindo cha mara mbili au tatu ya uzito wa mwili, goti hukunjika, nyonga hushuka, na vyote hutakiwa kurudi mahali pake kabla mguu wa pili haujatua. Msimamo nao ni mbaya zaidi, maana kusimama ni kuacha kwenda, na msomaji wa kurasa za michezo akiona msimamo hutafuta jedwali la ligi. Neno la Kiingereza lililowapotosha watungaji, posture, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini ponere, yaani kuweka. Kilatini kiliuona mwili kama kitu kilichowekwa mahali. Kiswahili hakilazimiki kurithi mtazamo huo, kwa sababu kina kitenzi kinachoona vizuri zaidi.

Kitenzi hicho ni nyooka. Barabara hunyooka, mkono hunyooka, mambo nayo hunyooka. Kutoka humo tunapata mnyooko kwa njia ileile iliyotupa mtiririko kutoka tiririka, mpasuko kutoka pasuka, mmomonyoko wa udongo kutoka momonyoka na mfumuko wa bei kutoka fumuka. Wanaosema neno langu ni geni masikioni waliyameza hayo manne bila kulalamika, na sioni haki katika kulikataa la tano. Unyoofu, ambao mpinzani mmoja wa hoja hii anaupendelea, ni tabia: tunamsifu mtu mnyoofu kwa kuwa hadanganyi. Mnyoosho umetokana na nyoosha, na humaanisha kuna aliyekivuta kitu kikanyooka. Ulinganifu ni usawa wa pande mbili, na mtu aliyepinda mgongo kama upinde anaweza kuwa na mabega yaliyolingana kabisa. Mnyooko peke yake ndio unaotaja kinachotakiwa: kichwa, kifua, nyonga na mguu unaobeba uzito kushikana katika mstari mmoja wakati wa mwendo. Tena mstari huo hauhitaji kuwa wima. Ngazi iliyoegemezwa ukutani imelala upande, lakini imenyooka. Mkimbiaji mzuri huegemea mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, si kiunoni, na anayemwambia akae wima anamwondolea mwegemeo huo.

Ushahidi unaunga mkono. Wataalamu hupima oksijeni anayotumia mkimbiaji katika kasi maalumu, na anayetumia kidogo kuliko wenzake kwa kasi ileile ndiye mwenye uwekevu wa mbio. Nasema uwekevu, si "uchumi wa kukimbia", kwa kuwa uchumi umetokana na kuchuma, na hapa hakichumwi kitu. Kinachosifiwa ni kutotumia ovyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha vipimo vya wakimbiaji 97. Mambo machache ya namna ya kukimbia yalieleza asilimia 39 ya tofauti zao za uwekevu: nyonga inavyopanda na kushuka, kasi inayopotea mguu unapokanyaga, na goti linavyokunjika chini ya uzito. Mwili unaoporomoka kila hatua hulipa oksijeni ili ujiinue tena. Mikono nayo imo katika hesabu, kwa kuwa hukizuia kiwiliwili kisijipinde. Vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 vilionyesha kwamba kukimbia mikono ikiwa kichwani huongeza matumizi ya nguvu kwa asilimia 13.

Kwetu kuna ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanywa Kenya, ambamo wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, walichukua hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada. Walikuwa wakitembea, hawakukimbia, na sitaki kuudai utafiti huo zaidi ya unavyosema. Ila aliyebeba kwa mkanda huinama mbele, aliyebeba kichwani huwa wima, na wote wawili waliokoa nguvu. Wima haukuwa sharti.

Nitaulizwa kuhusu Emil Zátopek, aliyekimbia huku kichwa kikiyumba na uso umekunjamana, akatwaa dhahabu tatu za Olimpiki Helsinki mwaka 1952: mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Nitaulizwa pia kuhusu Paula Radcliffe, aliyetikisa kichwa hadi akaweka rekodi ya marathoni ya 2:15:25 London mwaka 2003. Mifano hiyo inauangusha mkao, kwa sababu mkao ni sura ambayo mtazamaji huihukumu kwa jicho. Mnyooko huulizwa pale uzito unapotua, na kutikisa kichwa hakulazimishi nyonga iporomoke. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mwili hujichagulia njia yake, na anayeuingilia huuharibu. Utafiti wa mwaka 2005 uliwafundisha wanamichezo mtindo mpya wa kukimbia kwa wiki 12, na mwishoni walitumia oksijeni nyingi zaidi kuliko mwanzo. Nalikubali jambo hilo, na naona linanisaidia. Aliyepewa mkao amepewa umbo la kuiga. Nyooka ni kitenzi cha hali: mwili hunyooka wenyewe, kadiri misuli ya nyonga na tumbo inavyopata nguvu, na hakuna anayeunyoosha kwa amri. Sarufi imeyaweka hayo ndani ya neno, kabla kocha hajafungua mdomo.

Matumizi ni mepesi: mnyooko mzuri, mnyooko wa mgongo, mnyooko umevunjika, nyooka, amenyooka. Nawaomba wahariri wa miongozo ya mazoezi na walimu wa michezo walitumie neno hili kuanzia toleo lijalo bila kusubiri kikao chochote, na mkao wawaachie madereva na makarani wanaoumwa migongo kwa kuketi kutwa.