Somo la Redio: Gari Bovu ni Hasara ya Nani?

Leo tumo katika historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Twataka kujua jambo moja tu: mtu akinunua motokaa kwa fedha nyingi, kisha ikaonekana kuwa ni mbovu, hasara ni ya nani?

Tuseme wewe unakaa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Umeuza mpunga miaka mingi, umeweka akiba, ukaenda Dar es Salaam kununua gari la fahari, lenye viti vya ngozi. Muuzaji amelisifu mpaka mate yamemkauka. Unaondoka nalo. Unapita Morogoro salama. Lakini katika kupanda mlima wa Kitonga, kabla hujafika Iringa, injini yachemka, moshi watoka, nawe umesimama kando ya barabara huku malori yakikupita. Unampigia simu muuzaji. Anakujibu, "Ulilitazama mwenyewe ukaridhika." Je, maneno hayo yanatosha kumwokoa?

Hapo kale, katika Uingereza, yalitosha. Sheria yao ilisema mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Mwaka 1603 mahakama ilitoa hukumu juu ya sonara aliyeuza jiwe kwa pauni 100. Alisema ni jiwe litokalo tumboni mwa mnyama, ambalo watu wa zama hizo waliliamini kuwa ni dawa ya sumu. Halikuwa jiwe hilo. Mnunuzi akashitaki, akashindwa, kwa sababu sonara alisema tu kuwa jiwe ni la namna hiyo, wala hakutamka kuwa anaahidi. Pauni 100 wakati ule zilikuwa mali nyingi sana, nami namhurumia mtu yule hata leo.

Mambo yalibadilika polepole, mpaka Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuuza bidhaa, iitwayo ya mwaka 1893. Sheria hiyo ilitia masharti ndani ya mapatano ya biashara hata kama wenyewe hawakuyatamka. La kwanza, kitu kiwe kizima kiasi cha kufaa kuuzwa kwa jina lake. La pili, ukimweleza mfanyabiashara kazi unayokitakia kitu hicho, ukautegemea ujuzi wake, basi kitu kifae kwa kazi hiyo. Lakini iliacha milango miwili wazi. Ukinunua kitu kwa jina lake la biashara, sharti hilo la pili huenda lisikulinde. Tena, watu wawili wakikubaliana waziwazi kuyaondoa masharti hayo, yanaondoka.

Milango hiyo ilijaribiwa na motokaa moja ya kitajiri. Bwana mmoja aliyeitwa Baldry alikwenda kwa wauza magari, akawaambia anataka gari la starehe, la kufaa safari za matembezi. Wakamwambia Bugatti ya silinda 8 itamfaa. Akainunua, akaona haina starehe wala haifai safari zile. Akairudisha, akadai fedha zake. Wauzaji wakajitetea kwa milango yote miwili: aliomba Bugatti kwa jina, tena karatasi aliyopewa ilisema hakuna dhamana nyingine yoyote ila ile waliyoiandika wao. Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1925, ikawakatalia. Ilisema huyu hakulitegemea jina, aliwategemea wao, maana aliwaeleza haja yake kwanza. Na ile karatasi ilitaja neno "dhamana", haikutaja "sharti". Na katika sheria yao hayo ni mambo mawili. Kwa tofauti ya neno moja bwana yule akarudishiwa fedha zake. Tazameni basi nguvu ya neno lililoandikwa!

Sheria ile ya Waingereza ilinakiliwa Tanganyika wakati wa utawala wao. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 haikufutwa. Ni Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, na masharti yale mawili yamo, na milango ile imo pia. Kwa miaka mingi ilisomwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili mambo ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Mwaka 1987 zilichapishwa hukumu mbili za Waingereza zilizo karibu zaidi na yule mtu wetu wa Kitonga. Ya kwanza ilihusu Range Rover mpya yenye ubovu katika injini, gia boksi na bodi. Jaji wa kwanza alisema gari linakwenda, basi linafaa. Mahakama ya Rufani ikakataa: mtu anunuaye gari la bei ile hanunui kufika tu, hununua pia starehe, kuaminika kwa gari, na fahari ya kulitazama. Ya pili ilihusu gari jingine jipya, ambalo injini yake iliharibika baada ya majuma matatu na mwendo wa maili 140 hivi. Jaji alikubali kuwa lilikuwa bovu, lakini akasema mwenyewe amechelewa kulikataa. Alipata fidia tu. Majuma matatu! Hukumu za kule hazizifungi mahakama zetu, ila huweza kusomwa kama mwongozo.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi. Huko gari jipya lenye ubovu usiokwisha huitwa "limau", nasi ambao limau tunalipenda kwenye samaki twaweza kucheka. Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya malimau hayo: gari likipelekwa kutengenezwa mara 4 kwa kosa lile lile, au likikaa gereji siku 30, mwenye kulitengeneza ahesabiwe kuwa ameshindwa, na mnunuzi adai jingine au fedha. Majimbo yote yakafuata. Tanzania haina sheria ya magari peke yake ya namna hiyo. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumdanganya mnunuzi, na Tume ya Ushindani iliyowekwa kuisimamia.

Basi turudi Kitonga. Injini imepoa. Mtu wetu anafungua karatasi ya mauziano aliyotia sahihi asubuhi ya jana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pana maneno haya: "Gari limeuzwa kama lilivyo." Jana hakuyasoma. Lakini anakumbuka kuwa kabla ya kulipa alimwambia muuzaji, mbele ya shahidi, kwamba gari litapanda milima mpaka Mbeya, naye muuzaji akasema litafaa.

Jadilini darasani: maneno yale ya chini yameondoa sharti gani, na yameacha lipi? Kisha kila mmoja amwandikie muuzaji yule barua ya mistari mitano, yenye tarehe ya leo.