Kaboya, walikolala vijana wa Vita vya Kagera

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, silaha za jadi huwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu. Rais wa Tanzania huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, na mzee anayewawakilisha wapiganaji wa zamani huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, kisha viongozi wa dini huomba kwa zamu.

Mwaka 2013 ibada hiyo ilifanyika Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ikiongozwa na Rais Jakaya Kikwete. Siku 12 kabla yake, askari saba wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walikuwa wameuawa Darfur, Sudan, wakilinda amani. Msiba mbichi ulikutana na wa zamani, maana Kaboya ndiko walikozikwa mamia ya wanajeshi waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda.

Vita hivyo havikuombwa na Watanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuliteka eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera. Raia waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo.

Uwezo huo ulikuwa watu. JWTZ ilipanuliwa haraka kwa kuchukua vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mgambo, polisi na magereza. Wengine hawakuwa wamewahi kufika Bukoba. Ghafla wakajikuta kwenye mahandaki, katika mvua za Kagera, wakingoja amri ya kuvuka.

Walipovuka kuingia Uganda, sehemu kubwa ya safari waliikata kwa miguu, bunduki begani na mzigo mgongoni. Masaka ilianguka Februari 1979. Mwezi uliofuata, huko Lukaya, kwenye barabara iliyozungukwa na kinamasi, walikabiliana na vikosi vya Amin vikisaidiwa na Walibya. Aprili 11 Kampala ikakombolewa, na mwanzoni mwa Juni wakafika mpaka wa Sudan. Si wote waliokufa kwa risasi: ajali na maradhi pia viliwaondoa. Lakini mama aliyeletewa taarifa ya kifo hakuwa na sababu ya kupima kifo kipi ni cha kishujaa zaidi. Mwanawe alitumwa na nchi, hakurudi.

Kumbukumbu za vita hazikuanzia Kaboya. Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwaenzi Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni kazi nzuri ya shaba: askari ameinama kidogo, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Lakini askari yule si mtoto wa mtu yeyote. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuandikwa majina popote. Wakoloni waliowatuma hawakuona haja ya kuwajua.

Taifa huru halina udhuru huo. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na historia yake ilisimuliwa kila mahali. Alistahili. Lakini kuruti wa miaka 20 aliyeanguka Lukaya naye alikuwa na kijiji, shule na wenzake waliocheza naye mpira, na habari zake bado ziko vichwani mwa watu, hazijaandikwa.

Watu hao wamezeeka. Kila mwaka tunawazika, na kila anayezikwa huondoka na majina ya wenzake. Shule alikosoma kijana aliyekufa vitani iweke jina lake ukutani. Mwalimu wa historia awatume wanafunzi kwa mkongwe wa vita aliyepo kijijini, wakiwa na daftari, wamuulize nani aliondoka naye na nani hakurudi. Mkuki na ngao vinaliheshimu jeshi zima. Kijana mmoja mmoja huheshimiwa pale anapotajwa jina, na kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wenye kumkumbuka wangali hai.