Mkasi Uliohamia Chumba cha Uhariri

Kuna dai linalorudiwa kila unapozuka mjadala wa filamu: kwamba zamani palikuwa na wakaguzi wenye mikasi, kisha dunia ikastaarabika, ikaweka madaraja ya umri, na tangu hapo filamu haiguswi, mtazamaji huambiwa tu nani aingie ukumbini na nani abaki nje. Jack Valenti, aliyekuwa kiongozi wa chama cha studio za Marekani mfumo wa madaraja ulipoanza huko tarehe 1 Novemba 1968, alilitetea dai hilo kwa miongo: daraja humpa mzazi taarifa, halimzuii msanii. Dai lina mvuto, na nusu yake ni kweli. Lakini ukizilinganisha nakala za filamu ile ile zilizoonyeshwa nchi mbalimbali, nusu ya pili inakataa kusimama. Mkasi ulitoka ofisi ya mkaguzi, ukaingia chumba cha uhariri cha studio, na aliyeupeleka huko ni daraja lenyewe.

Historia ya mwanzo inajulikana, nami sitairefusha. Uingereza iliunda bodi yake mwaka 1912, ikaanza na madaraja mawili, na mwaka 1951 ikaongeza X kwa ajili ya watu wazima. Hollywood ilijifunga kwa kanuni za maadili zilizotekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 chini ya Joseph Breen. Katika Kenya ya ukoloni chujio lilikuwa rangi: filamu iliyofaa Wazungu na Waasia ingeweza kuzuiwa kwa Waafrika, kwa hiyo mzee wa Kiafrika mwenye wajukuu akahesabiwa pamoja na watoto. Anayeamini kwamba kupanga watazamaji ni kazi ya kitaalamu isiyo na siasa aanzie hapo.

Mwaka 1971 ndio unaostahili kukaliwa kitako. Mwaka huo Stanley Kubrick alitoa A Clockwork Orange, na hadi leo wapo wanaosimulia kwamba Uingereza iliipiga marufuku. Si kweli. Bodi ya London iliipa X bila kukata kitu. Baadhi ya mabaraza ya miji yaliikataa, lakini aliyeiondoa katika kumbi za nchi nzima ni Kubrick mwenyewe, na haikurudi mpaka mwaka 2000, baada ya kifo chake. Marekani, iliyojigamba kwamba imeuweka mkasi chini, ndiko filamu ilikoguswa: iliingia sokoni na X, kisha mwaka 1972 Kubrick akabadilisha sekunde 30 hivi katika sehemu mbili, akaweka picha zisizoonyesha sana, ikapata R, daraja lililo chini ya X. Hakuna mkaguzi aliyemwamuru, na watetezi wa Valenti hushikilia hapo. Lakini X wakati ule ilimaanisha magazeti mengi kukataa matangazo yako na kumbi nyingi kukufungia milango. Mtu akichagua njia pekee iliyoachwa wazi, sioni kwa nini tuuite uamuzi huo hiari.

Mwaka huohuo Ken Russell alitoa The Devils, kisa cha padri Urbain Grandier, aliyechomwa moto Loudun, Ufaransa, mwaka 1634. Hapa bodi ya London ilikata kweli, na studio ya Warner nayo ikakata. Hata hivyo nina subira na John Trevelyan, katibu wa bodi aliyekuwa akielekea kustaafu, kwa kuwa aliiona kazi hiyo kuwa ya dhati, akajadiliana na mwongozaji kipande kwa kipande badala ya kuitupa. Kwa wanaharakati wa maadili kina Mary Whitehouse, waliotaka filamu ya namna hiyo isionyeshwe kabisa, sina subira hiyo. Huko Marekani filamu ilipunguzwa zaidi. Tukio kubwa lililoondolewa, la watawa wakiunajisi msalaba, lilidhaniwa limepotea mpaka mhakiki Mark Kermode alipolipata mwaka 2002. Miaka miwili baadaye likaonyeshwa London ndani ya filamu. Lakini DVD iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 ilibeba toleo la X la 1971, bila tukio hilo. Kizuizi kilichobaki kilikuwa cha mwenye mali, yaani Warner.

Wapo watakaosema matoleo kamili hurudi yenyewe: subiri miaka, nunua diski, utaona kila kitu. The Devils inatosha kuwajibu. Tena wasichanganye mambo. Si kila toleo la mwongozaji ni fidia ya ukaguzi. Blade Runner ya 1982 ilibandikwa sauti ya msimulizi baada ya watazamaji wa majaribio kutoielewa vizuri, na toleo la 1992 lililoiondoa halikuwa na ugomvi na daraja lolote. Hoja ya watoto ni nzito zaidi, nami naikubali. Indiana Jones and the Temple of Doom ilipokatwa Uingereza mwaka 1984 ili ipewe PG, mkasi ulikuwa na maana, kwa sababu watoto wangeingia. Huko Marekani filamu iliachwa nzima kwa PG, wazazi wakalalamika, na PG-13 ikazaliwa mwaka huohuo. Lakini mtoto akishazuiwa mlangoni, anayekatiwa filamu ni nani? Midnight Cowboy ilipata X mwaka 1969, ikashinda Oscar ya filamu bora, kisha mwaka 1971 ikapewa R bila kubadilishwa hata picha moja. Eyes Wide Shut ilipotoka Julai 1999, miezi minne baada ya Kubrick kufariki, Wamarekani wazima waliwekewa miili ya kompyuta kuziba tukio la ngono ili R ipatikane. Ulaya walioneshwa bila pazia hilo.

Nairobi mfano ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Aprili 2018, ikitumia sheria iliyotungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Unaweza kuichukia hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili na bado ukaona tatizo: daraja la 18 lilikuwepo, na lilitosha kabisa kumzuia mtoto. Kilichodaiwa ni filamu nyingine. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima siku saba, tiketi zikagombaniwa, kisha marufuku ikarudi. Siku hizo saba zilikuwa za kuiwezesha kuwania Oscar, lakini filamu ambayo Kenya iliipeleka mwaka huo ilikuwa Supa Modo.

Bodi ya Uingereza, pamoja na makosa yake yote, leo huandika hadharani ikiwa filamu ilikatwa na kwa ajili ya daraja gani. Bodi za Nairobi na Dar es Salaam zifanye hivyo: kando ya kila daraja ziandike nini kiliombwa kuondolewa, aliyeomba ni nani, na jibu la mtayarishaji. Mwenye kununua tiketi anayo haki ya kujua analipia toleo lipi.