Tarehe zinazosahaulika katika gereji

KIBALI cha biashara hakisahauliki kwa urahisi, kwani maafisa wa kaunti hubisha mlangoni. Tangi la kompresa halina wa kulibishia hodi, hivyo huweza kujazwa hewa miaka nenda miaka rudi pasipo mtu kulichungulia.

Hapo ndipo penye hatari. Maji yatokanayo na hewa hiyo hutuama chini ya tangi na kukila chuma kwa ndani, mahali ambapo jicho la fundi halifiki. Likishindwa kuhimili shinikizo, hupasuka kwa kishindo na kuweza kuua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inaagiza tangi hilo lisafishwe na kukaguliwa na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Minyororo ya kuinulia injini hukaguliwa kila baada ya miezi 6, na usalama wa gereji nzima kila baada ya miezi 12.

Vipindi hivi visivyolingana ndivyo huwakanganya wengi. Kinachohitajika ni daftari moja tu: jina la stakabadhi, nambari yake, aliyeitoa, siku inapokwisha na siku ya kuanza kuishughulikia. Safu hii ya mwisho ndiyo wengi huiacha, ilhali ndiyo yenye kazi. Cheti kinachomhitaji mkaguzi kufika kitengewe miezi 2. Cha kulipia tu, majuma 2 yatosha. Aidha, orodha ipangwe kwa tarehe za kwisha, kile kilicho karibu kikitangulia.

Bima ya wafanyakazi isikose humo. Ikikatika kwa siku moja, na jeki iteleze siku iyo hiyo, mwajiri atabeba fidia kwa mfuko wake.

Kuhusu mafundi wenyewe, cheti cha mtihani wa ufundi cha NITA, kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1, hakina haja ya kufanywa upya. Hata hivyo, fundi anayelijaribu gari la mteja barabarani lazima awe na leseni ya udereva ambayo haijapitwa na wakati, nayo hulipiwa kwa mwaka 1 au miaka 3. Nakala yake ihifadhiwe ofisini. Vivyo hivyo kwa anayekuja kuchukua mafuta machafu: aonyeshe leseni ya NEMA, na tarehe yake iandikwe kabla hajapakia pipa la kwanza.