Heshi ya LM: deni la miaka ya 1980

Seva iliyo ndani ya domeni hupangiwa sheria za usalama na mkubwa wake. Seva iliyo peke yake haina mkubwa: sheria zimo ndani yake, na nywila zake zimo katika hifadhi iitwayo SAM. Msimamizi akilala, hakuna wa kumwamsha. Basi tuitazame historia ya heshi ya LM.

Miaka ya 1980, LAN Manager ya Microsoft ilihifadhi nywila hivi: herufi zote zinageuzwa kuwa kubwa, nywila inakatwa vipande viwili vya herufi 7, kisha kila kipande kinafanyiwa hesabu yake peke yake. Hapo ndipo kasoro ilipo. Kipande cha herufi 7 za A hadi Z kina mipangilio kama bilioni 8 tu, na tarakilishi haichoki kujaribu. Nywila ya herufi 14 si mlima mmoja, ni vichuguu viwili.

Windows NT ilipotoka 1993 ilikuwa na heshi yake iliyo imara zaidi. Lakini iliendelea kuweka ile ya LM kando yake, ili mashine za zamani zisifungiwe nje. Mlango wa mbele wa chuma, wa nyuma wa makuti! Mwaka 1997 kundi la L0pht la Boston likatoa L0phtCrack, na udhaifu ukawa wazi kwa kila mtu.

Windows 2000 ilipata njia ya kuzuia heshi hiyo kupitia Service Pack 2, mwaka 2001. Katika XP na Server 2003 kizuizi hicho kikawa ndani ya secpol.msc, lakini kikiwa kimezimwa. Kilikuja kikiwa kimewashwa katika Vista, iliyofika madukani 2007, na Server 2008. Tiba ilikaa kabatini miaka mingi kwa sababu ya kuwahurumia wakongwe.

Na kuna mtego. Kukiwasha kizuizi hakufuti heshi iliyokwisha kuhifadhiwa. Kinafanya kazi nywila inapobadilishwa tena. Kwa hivyo kama kuna seva kuukuu bado inanguruma kwenye kona ya ofisi yako, washa kizuizi, kisha badilisha nywila ya kila akaunti, ukianza na ya msimamizi. Bila hatua ya pili, secpol inasema umefunga, SAM inasema bado.