Ibara ya 12: Mkataba wa Fort Laramie na Vilima Vyeusi vya Walakota

Upanuzi wa Marekani kuelekea magharibi katika karne ya 19 husimuliwa zaidi kwa habari za walowezi, reli na askari wa farasi, ilhali sehemu kubwa ya upanuzi huo ilitendeka mezani, kwa karatasi na wino. Ardhi ya Louisiana ilinunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na mwaka 1848 Mexico, baada ya kushindwa vitani, iliiachia Marekani California na nchi pana za kusini-magharibi. Mara zote mbili wenyeji wa ardhi hizo hawakuulizwa neno. Wao waliandikiwa hati za namna nyingine, na miongoni mwa hizo hakuna iliyovunjwa waziwazi zaidi ya mkataba ulioanza kutiwa saini Fort Laramie, katika Wyoming ya leo, tarehe 29 Aprili 1868.

Mkataba huo ulizaliwa na vita. Walakota, ambao hati za serikali huwaita Wasioux, waliishi kwa kuwinda nyati wa nyanda za kati, mnyama aliyewapa nyama ya kula na ngozi za kujengea mahema, na njia ya Bozeman, iliyowapeleka wachimbaji kwenye dhahabu ya Montana, ilikatiza katikati ya mawindo yao. Kiongozi wao Red Cloud aliipiga vita njia hiyo kuanzia mwaka 1866, akakataa kutia saini hadi jeshi lilipoondoka katika ngome zake, nazo ngome zikachomwa moto. Ndipo alipofika Fort Laramie mwezi Novemba 1868. Kwenye karatasi, majina ya wakuu yameandikwa na karani, na kando ya kila jina ipo alama ndogo ya mistari miwili iliyokatizana, kwa kuwa waliokuwa wakijifunga kwa hati ile hawakuweza kuisoma.

Hata hivyo yaliyoandikwa yalikuwa na uzito. Nchi yote ya magharibi ya mto Missouri katika South Dakota ya leo ilitengwa iwe ya Wasioux peke yao, pamoja na Vilima Vyeusi, ambavyo Walakota huviita Paha Sapa kwa sababu misonobari iliyovifunika huonekana nyeusi kwa mbali. Ibara ya 12 ilisema kwamba hakuna sehemu ya ardhi hiyo itakayoachiwa pasipo saini za robo tatu ya wanaume wazima. Haki inataka isemwe kwamba Walakota nao walikuwa wamehamia huko kutoka mashariki na kuwasukuma wengine, wakiwamo Wacrow, na kwamba baadaye Wacrow waliliongoza jeshi la Marekani kama wapelelezi. Lakini historia hiyo haiipunguzii serikali hata chembe ya ahadi iliyoiandika yenyewe.

Ahadi ilidumu miaka sita. Mwaka 1874 Luteni Kanali George Custer aliingia vilimani na msafara wa watu wapatao 1,000, na habari za dhahabu ziliposambaa, wachimbaji wakamiminika kinyume cha mkataba. Serikali ilitaka kuvinunua vilima kwa dola milioni 6, Walakota wakakataa, na hapo wawindaji waliokuwa mbali wakaamriwa kuripoti kwenye vituo vya serikali kabla ya tarehe 31 Januari 1876, katikati ya baridi kali, la sivyo wahesabiwe maadui. Mwezi Juni Custer na askari zaidi ya 200 waliuawa kwenye mto Little Bighorn. Jibu la Kongresi, yaani Bunge la Marekani, lilikuwa kukata posho ya chakula hadi vilima viachiwe, na wajumbe waliotumwa kukusanya saini walipata takriban sehemu moja tu ya kumi ya wanaume wazima. Robo tatu ya Ibara ya 12 ikapuuzwa, na sheria ya tarehe 28 Februari 1877 ikavitwaa vilima.

Waliobaki hawakuwa na pa kusimama, kwa maana nyati, waliokuwa mamilioni, waliteketezwa na wawinda ngozi hadi wakabaki mamia machache, na ardhi iliyosalia ikagawanywa vipande mwaka 1889. Tarehe 29 Desemba mwaka uliofuata, askari waliwaua Walakota wengi, wakiwamo wanawake na watoto, kwenye kijito cha Wounded Knee.

Ila karatasi ya 1868 haikufa. Wasioux waliipeleka mahakamani kwa miongo mingi, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vilima vilichukuliwa bila fidia ya haki, ikathibitisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100, riba ikiwamo. Wasioux walikataa kuzipokea, wakishikilia kwamba ardhi hiyo haikuuzwa kamwe. Fedha hizo ziliachwa katika akaunti ya serikali, ambako zimezaana hadi kupita dola bilioni moja, na hadi leo makabila hayo hudai vilima vyenyewe.